Juni na wanangu, au Desemba na ukoo mzima?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza na mume wangu pamoja na mama yake mzazi. Nakuandikia nikiwa jikoni, wote wamelala. Jambo lililoanza kama furaha ya watoto limegeuka ugomvi ndani ya nyumba yangu, na sijui nilikosea wapi.

Miaka miwili iliyopita mwanangu mkubwa, ambaye sasa yuko darasa la saba, alirudi kutoka shule amenuna. Mwalimu alikuwa amewauliza nani ameshafika Serengeti, na walionyoosha mkono ni watoto wawili tu. Akaniambia, "Mama, mbona ni hapo tu?" Na kweli ni hapo tu. Ukishika barabara ya Musoma, ukapita Magu na Lamadi, baada ya saa mbili hivi unaliona lango la hifadhi la Ndabaka mkono wa kulia. Tumelipita mara ngapi tukienda misibani Bunda! Watoto wanagombania dirisha, siku nyingine wanabahatika kuona pundamilia wachache kwa mbali, kisha gari linaendelea na safari.

Nikaanza kuweka akiba kwenye kikoba kwa ajili ya jambo hilo moja. Wiki nyingine hisa mbili, wiki nyingine tatu. Mwezi Mei tunavunja, na hesabu yangu inanipa shilingi 2,400,000. Nilipanga Juni, shule zikifungwa, twende sisi sita: mimi, mume wangu, watoto na Bibi. Tulale nyumba ya wageni pale Lamadi siku mbili, tukodi gari, asubuhi tuingie hifadhini na jioni turudi. Nimesikia kwamba Mei na Juni nyumbu wanapita ukanda ule wa magharibi karibu na Mto Grumeti. Tena mtoto wangu wa mwisho anatimiza miaka mitano Agosti, na walio chini ya umri huo hawalipi kiingilio.

Mume wangu alikubali. Halafu Januari wifi yangu wa Dar es Salaam akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba Krismasi hii wote tukutane Serengeti, tumpeleke Mama akatembee angali ana nguvu. Shemeji yangu anayeishi Ujerumani akajibu palepale kuwa atakuja na mke wake na watoto wao wawili waliozaliwa huko. Ukijumlisha na familia ya wifi, tunafika watu 14. Wifi anataka tulale siku tatu hoteli ya ndani ya hifadhi, Seronera, kwa sababu anasema kulala nje ya lango ni sawa na kwenda harusini ukaishia barabarani. Shemeji anataka mahema, watoto wake wamwone fisi na kumsikia simba. Mimi nikatajwa kuwa mratibu bila kuulizwa. Na mwisho wa ujumbe wifi aliandika hivi: "Wifi wa Mwanza fungu lake la kikoba liko tayari, sisi wengine tujipange." Habari za kikoba changu alizipata wapi? Kwa mume wangu.

Nilipomwambia mume wangu kwamba Desemba haiwezekani, alikaa kimya, kisha akasema, "Kama hutaki ndugu zangu, sema." Tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji.

Sababu zangu ninazo. Pesa ya Mei haitafika Desemba, naijua nyumba yangu. Januari kuna ada na sare za sekondari. Desemba ni mvua, na gari likikwama na Bibi yumo ndani tutafanyaje? Bibi ana miaka 72, ana presha na magoti yanamsumbua. Lakini naye mume wangu ana hoja moja inayoniumiza kichwa: Juni walimu wanataka darasa la saba wabaki shuleni kwa masomo ya ziada, na mtihani ni Septemba. Anasema nikimtoa mtoto halafu akafeli, nitajilaumu maisha yangu yote.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila Desemba nyumba yangu inajaa wageni. Nawapenda ndugu wa mume wangu, lakini kila Krismasi mimi ndiye nasimama kwenye sufuria kubwa kuanzia saa 11 alfajiri hadi usiku. Nilitaka safari moja ambayo na mimi ningekaa dirishani. Je, huo ni uchoyo?

Bibi mwenyewe hasemi kitu. Tukizungumzia safari yeye anaendelea kuchambua dagaa wake. Kwao ni Busega, si mbali na mpaka wa hifadhi. Mara moja tu alisema kwamba tembo anawajua tangu akiwa msichana. Tukacheka, mazungumzo yakaendelea.

Nisaidie kufikiri.

Mama wa Watatu, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu, na mwangaluka kwa wote nyumbani, hasa kwa Bibi.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililokutoa usingizini. Mtu aliyeweka hisa kila wiki kwa miaka miwili ili watoto wa nyumba yake wakaone wanyama, halafu akatamani naye akae dirishani, mimi simwiti mchoyo. Nadhani umechoka, na uchovu huo hujampa mtu nafasi ya kuujua. Wifi yako akija Desemba anakuta pilau limeiva na watu wanacheka. Hajawahi kuona jikoni yako saa 11 alfajiri, maana saa hiyo yeye amelala kwenye kitanda ulichomtandikia. Sisemi hana kosa. Nauliza tu: kuna siku yoyote uliyomwambia, au kumwambia mume wako, kwamba Krismasi inakuelemea? Katika barua yako sikuiona siku hiyo.

Ninavyokusoma, mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna suala la mwezi. Kuna suala la mahali pa kulala. Halafu kuna kikoba chako kutangazwa mbele ya ukoo, na wewe kupewa kazi bila kuulizwa. Hili la tatu ni jeraha, na nahisi linazisukuma hoja za yale mawili ya kwanza. Unaposema "Desemba mvua", mume wako anasikia "ndugu zako". Yeye anaposema "ndugu zangu", wewe unasikia "jasho lako ni la kwetu sote". Ningetamani mlizungumzie la kikoba peke yake, siku yake, bila kutaja nyumbu wala Seronera. Unaweza kumwambia tu kwamba ulimpa siri ukaikuta kwenye kundi, na iliuma. Huenda aliisema kwa majivuno, kumsifia mke wake kwa dada yake. Huenda sivyo. Atakayekuambia ni yeye.

Na yeye pia mpe nafasi. Mdogo wake yuko Ujerumani, mama yao ana miaka 72. Mwanaume wa namna hiyo anaweza kuwa anahesabu Krismasi zilizobaki ambazo watoto wote wa mama watasimama pamoja, ila hajui kulisema hilo. Akasema neno baya badala yake.

Sasa tuje kwenye mwezi.

Umesikia sawa kwamba nyumbu hupita ukanda wa magharibi Mei na Juni. Ila wanafuata mvua na majani, hawafuati ratiba ya shule zetu. Miaka mingine kundi kubwa linawahi kuelekea kaskazini, miaka mingine sehemu tu ndiyo inashuka hadi Grumeti na wengine wanakatiza katikati ya hifadhi. Kwa hiyo kama umemwahidi mwanao nyumbu wengi kama mchanga, ipunguze ahadi mapema. Juni ina uzuri wake hata wao wasipoonekana. Masika yameisha, barabara zimeanza kukauka, hewa ni ya baridi kidogo. Mtoni Grumeti kuna viboko na mamba mwaka mzima, na kwenye msitu wa kandokando ya mto kuna mbega, wale weusi wenye manyoya meupe marefu, ambao ukiwa Seronera huwategemei. Mtoto aliyezoea kuona wanyama kwa mbali akiwa barabarani atapata hadithi za kutosha.

Desemba hali ni nyingine. Vuli ikinyesha vizuri, makundi yanakuwa yamerudi kusini, kwenye nyanda za majani mafupi upande wa Naabi na Ndutu. Ukanda wako wa magharibi unabaki na wenyeji wake: twiga, pundamilia, nyati, nyumbu wachache wasiohama. Kwa hiyo watu 14 wakiingilia Ndabaka Desemba kwa ajili ya msafara wa nyumbu, itabidi wakatize hadi Seronera na kushuka kusini zaidi. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ya vumbi, na ukanda ule una udongo mweusi wa mbuga ambao wewe mtoto wa Mwanza unaujua: ukilowa unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Hofu yako ya kukwama si kisingizio. Lakini si kila siku ya Desemba inanyesha, na dereva aliyezoea njia ile, mwenye gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, anajua lini asubiri na wapi apite. Wifi yako naye kwa Seronera hajakosea. Lile bonde lina simba na chui mwaka mzima, wenye makazi yao, hawaendi na nyumbu. Kwa mgeni wa siku tatu, pale ndipo penye uhakika zaidi. Shida ya Desemba ni kwamba kati ya Krismasi na Mwaka Mpya kila mtu anataka palepale, bei zinapanda na vyumba vinakwisha mapema.

Kuhusu mtoto wako wa mwisho na Agosti, niruhusu nikupe pole halafu nikuondolee mzigo. Kiingilio cha mtoto wa Kitanzania aliyezidi miaka mitano ni pesa ndogo, haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai. Usiache tarehe hiyo iamue lolote.

Penye pesa kubwa ni kwingine, na barua yako imepita hapo bila kusimama. Sisi tunalipa kwa shilingi, mgeni analipa kwa dola, na kwa Serengeti mtu mzima wa nje anazidi dola 70 kwa siku ukishaweka kodi. Je, mke wa shemeji yako na watoto wao wana pasi za wapi? Na shemeji mwenyewe? Langoni wataombwa vitambulisho, na fedha taslimu hazipokelewi, malipo yanafanywa kwa namba ya malipo au kadi. Usipende ukoo mzima ujue habari za pasi ya mtu pale dirishani, watoto wanasikiliza, foleni iko nyuma. Likiulizwa mapema na kwa faragha, na anayemwuliza shemeji yako awe mume wako, halina aibu. Likiulizwa pale lina aibu na lina deni. Huo ni mfano wa kazi ya mratibu, na ndiyo sababu mtu hateuliwi kuwa mratibu kwa ujumbe wa simu.

Mahali pa kulala. Hapa niruhusu nikusimulie kidogo.

Mwaka mmoja mimi na ndugu zangu tulimchukua mama yetu tukampeleka Ngorongoro, mwezi Julai, kwa sababu ndiyo likizo tuliyoipata. Tulichagua kulala ukingoni juu kabisa, ule ukingo uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, ili asubuhi akifungua pazia aione kreta yote chini yake. Hatukufikiria baridi. Mama alikuwa mtu wa pwani. Usiku ule alikaa kwenye kiti karibu na moto wa sebuleni, kitenge kimoja juu ya kingine, juu yake sweta la shule la mwanangu ambalo mikono yake ilimfika kwenye viwiko. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili hata kilipokuwa tupu. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, pazia tulilifungua tukaona weupe. Sisi tukashuka kreta, yeye akabaki. Nilipomuuliza baadaye kama alikasirika, alisema hapana, ila "mngeniambia ni baridi ningechukua blanketi langu." Basi. Tulimchagulia kila kitu kwa upendo, na hakuna aliyemwambia.

Nakueleza hili kwa sababu mzozo wenu wa hoteli, mahema na nyumba ya wageni unaendeshwa na watu wenye magoti mazima.

Kulala ndani kuna faida ambayo Lamadi haiwezi kukupa. Saa 12 asubuhi uko tayari palipo na wanyama, wakati simba bado anatembea. Usiku mnasikia sauti. Mchana Bibi anaweza kurudi kulala kwa saa mbili, wengine wakaendelea. Lakini hoteli na kambi nyingi za ndani hazina uzio. Giza likiingia hutembei kwenda chumbani bila kusindikizwa, na mtoto wa miaka minne hatoki mlangoni peke yake hata hatua moja. Hema la shemeji yako linawezekana, pale Seronera kuna kambi za umma za hifadhi zenye vyoo na jiko, na watoto wakubwa hawataisahau. Ila mtu wa miaka 72 mwenye magoti mabovu akitaka kwenda msalani saa nane usiku, fisi wakiwa wanazunguka, hilo inafaa mlijadili kwa uwazi kabla hamjamchekea wifi yako na hoteli yake. Katikati ya hayo mawili kuna mabanda na nyumba za kupumzikia za TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, ambako mtu analala kwenye kuta na bei yake iko karibu zaidi na mfuko wetu. Nazo ni chache, zinataka kuombwa mapema.

Kulala Lamadi kuna amani ya aina yake. Chakula mnachokijua, ziwa liko pembeni, dawa za presha zikisahaulika duka halipo mbali, na Bunda kuna hospitali. Hasara yake ni saa. Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi na jioni kwenye saa 12 unatakiwa uwe umetoka. Ukitoa muda wa chai, wa kuwavalisha watoto na wa malipo, mnaweza kujikuta mnaingia saa tatu jua limeshakuwa kali, na saa tisa mnaanza kugeuza. Kwa ukanda wa Grumeti siku ya namna hiyo inatosha. Kwa Seronera kwenda na kurudi siku moja, na mtoto mdogo na mzee ndani ya gari, mimi naogopa. Na usiihesabu Lamadi kuwa ni nafuu kabla hujaweka siku za gari na mafuta yake kwenye karatasi. Wakati mwingine tofauti ni ndogo kuliko tunavyodhani, wakati mwingine ni kubwa. Iandike uione.

Hoja ya mtihani ni nzito na siichezei. Lakini kati ya kumtoa mtoto shuleni mwezi mzima na kumchukua siku tatu kuna tofauti, na mwalimu wake anaweza kukuambia siku zipi hazina majaribio. Mwulize pia mwanao. Safari hii ilianza na mkono ambao hakuunyoosha. Mtoto wa darasa la saba anaweza kukuambia, "Mama, niache nimalize kwanza," akaenda Desemba moyo wake ukiwa mwepesi. Au akakuambia kwamba siku mbili mbugani ndizo zitakazomfanya avumilie hadi Septemba.

Nimefika kwa Bibi. Niliposoma ile sentensi yake kuhusu tembo nilirudi nyuma nikaisoma tena. Mnasema safari ni ya Mama. Wifi yako anaitaka Desemba kwa ajili ya Mama, wewe unaikataa Desemba kwa ajili ya Mama. Na Mama anachambua dagaa.

Mwanangu, watu wa Busega, Bunda, Bariadi na Meatu hawamjui tembo kwa picha. Tembo wanatoka hifadhini usiku, wanaingia shambani, na mahindi ya msimu mzima yanaisha kabla hakujapambazuka. Watu wanakesha na madebe na mienge. Wapo waliouawa. Sijui Bibi alikuwa akiwaza nini aliposema anawajua tangu usichana, na sitamwekea maneno mdomoni. Yawezekana ana hamu kubwa ya kuwaona tena, mchana, akiwa ndani ya gari, bila deni nao. Yawezekana ana kumbukumbu ambayo mkimlaza katikati ya hifadhi usiku kucha hatapata usingizi. Yawezekana pia anachotaka ni kupita tu Busega, aonyeshwe mahali palipokuwa na boma la baba yake, wajukuu wakiwa pembeni. Yote matatu yanabadilisha mwezi, yanabadilisha kitanda, yanabadilisha hata lango. Nanyi mlicheka. Hamkucheka kwa ubaya, najua.

Mwulize. Ila usimwulize kwa namna ya kumfanya achague upande kati yako na binti yake. Mzee akihisi hivyo atasema "popote mtakapopenda" na mtarudi mlipoanza. Kaa naye kwenye ungo wa dagaa, umwombe akusimulie habari za tembo, halafu usikilize. Mume wako akiwepo ni vizuri zaidi, kwa sababu ni mama yake, na huenda naye hajawahi kuisikia hadithi hiyo.

Mkishamsikia, njia zenu ni zaidi ya mbili mnazozigombania. Mnaweza kwenda Juni nyie sita kama ulivyopanga. Hatari yake ni kwamba ndugu wa Dar na Ujerumani watahisi mmewakimbia na Mama wao, na Krismasi utapikia watu walionuna. Ikiwa ni hivyo, afadhali mume wako alitangaze mwenyewe kwenye kundi, mapema, kwa maneno yake. Mnaweza kungoja Desemba, kila familia ikalipia chumba chake na chakula chake, na uratibu ukashikwa na wifi aliyelileta wazo. Hapo utakaa dirishani kweli, maana hotelini hakuna sufuria yako. Hatari yake unaijua tayari: ile 2,400,000 kukaa miezi saba bila kuguswa. Kuna wanaoilipia safari mapema ikiwa bado mkononi, lakini uliza kwanza masharti ya kurudishiwa kama mtaahirisha. Njia nyingine ni kuigawa. Siku moja au mbili za Ndabaka mwezi Juni kwa ajili ya watoto, halafu Desemba mkutano wa ukoo, ambao si lazima wote 14 walale Seronera. Wenye hamu ya hema wakaingia ndani na vijana, Bibi na wanaotaka kupumzika wakabaki Lamadi na kuingia mchana mmoja tu. Hiyo inataka pesa mara mbili, na inaweza kumfanya kila mtu ajione amepata nusu.

Kama mnataka kumpima Bibi na mtoto wako mdogo kabla hamjalipa chochote, Kisiwa cha Saanane kiko hapohapo mjini. Nacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni dakika chache, kuna swala pala na pimbi kwenye mawe. Nenda Jumamosi moja. Utaona magoti yanafika wapi, na mdogo anachoka saa ngapi.

Sikuambii uchague ipi. Barua yako imenionyesha mtu anayejua kuhesabu kuliko mimi. Ninachokuomba ni usihesabu peke yako jikoni usiku.

Mwezi wowote mtakaoenda, nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, ukanda ule una mbung'o na wanazipenda rangi hizo. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vya NIDA. Dawa za Bibi zikae kwenye mkoba wako, zisiende kwenye buti. Na asubuhi paa la gari likiwa wazi upepo ni mkali, kwa hiyo mwambie kutakuwa na baridi, ili achukue blanketi lake.

Niandikie tena ukishakaa naye. Nataka kujua alichosema kuhusu tembo.

Mshauri wako